Programu Isiyojijaribu Isipewe Maksi

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, vyuo vya Kigali huingia msimu wa kuwasilisha miradi. Mwanafunzi wa kompyuta huvaa suti, hufungua kompyuta yake mbele ya jopo, hubonyeza vitufe sita alivyovifanyia mazoezi usiku kucha, na programu huitika. Mjumbe mmoja huuliza kuhusu sura ya tatu ya ripoti, mwingine huuliza kwa nini rangi ni ya buluu, kisha maksi hutolewa na picha hupigwa. Wiki mbili baadaye, programu ile haiwezi kuwashwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeiandika. Baada ya miezi sita, hata yeye hawezi.

Ninadai katika insha hii kwamba maksi hizo hazistahili. Programu inayofanya kazi kwenye kompyuta moja, kwa dakika kumi, mikononi mwa mtu anayejua pa kubonyeza na pa kuepuka, ni mchezo wa kuigiza. Mradi wa programu uhesabiwe umekamilika pale tu unapoweza kujengwa, kujaribiwa na kupelekwa kwa watumiaji na mashine, bila mkono wa mwandishi wake. Idara ambayo haidai hivyo inawafundisha wanafunzi kuigiza.

Kwa wenzangu wa Kiswahili wasiosoma kompyuta, nieleze kwanza ninachokidai. Wenye fani wamekipa jina la bomba, kwa kuwa kitu huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Mimi nitakiita mkondo. Mwandishi wa programu anapomaliza badiliko, hata la mstari mmoja, hulituma kwenye ghala la pamoja la msimbo. Hapo mashine nyingine, isiyo yake wala ya mwenzake, huamka. Huchukua msimbo kutoka ghalani, huijenga programu upya tangu mwanzo, kisha huendesha majaribio yaliyoandikwa kwa ajili yake. Jaribio ni dai dogo linaloweza kukaguliwa: abiria wawili wakilipa faranga 500 kila mmoja, jumla lazima iwe 1,000; mtu asiyeingiza nenosiri sahihi asione taarifa za mgonjwa. Madai yote yakitimia, mashine huipeleka programu kwenye seva ambako watu wanaitumia. Dai moja likishindwa, mkondo husimama na aliyeleta badiliko huarifiwa papo hapo. Katika safari hiyo yote, hakuna hatua inayotegemea mtu kukumbuka.

Hili si jambo jipya lililozuka jana kwenye mitandao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kent Beck na wenzake huko Marekani walikuwa wakihimiza timu ziunganishe kazi zao kila siku badala ya kusubiri mwisho wa mradi. Mwaka 2001 ilitoka CruiseControl, programu ya kuendesha ujenzi na majaribio hayo. Miaka michache baadaye Mjapani Kohsuke Kawaguchi aliandika Hudson, ambayo tangu 2011 wengi wanaijua kwa jina la Jenkins. Mwaka 2010 Jez Humble na David Farley walichapisha kitabu kizima kuhusu kazi ya kuufikisha msimbo kwa mtumiaji kwa njia hii. Wengi wetu tulio darasani leo tulikuwa watoto wadogo kitabu hicho kilipotoka. Basi anayesema kwamba jambo hili ni geni mno kuingizwa kwenye mtaala aeleze ni miaka mingapi mingine anataka tusubiri.

Tena hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Twende Rwinkwavu, wilayani Kayonza, katika Jimbo la Mashariki. Hospitali ya hapo ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kutumia OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004 kutokana na kazi ya Eldoret, Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wa Chuo Kikuu cha Indiana walikuwa wakihudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wakazidiwa na makaratasi. Mwaka 2006 programu hiyo ilikuwa inatumika Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu kupitia shirika la Partners In Health. Leo Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR, zote zimejengwa juu ya msingi huohuo.

Jiulize: kwa nini programu iliyoanzishwa na watu wachache bado iko hai baada ya miaka ishirini, huku miradi yetu ikifa kabla majoho ya mahafali hayajarudishwa? Watu wa OpenMRS hawakuwa malaika, na fedha peke yake haielezi, maana miradi mingi yenye fedha nyingi imekufa. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba msimbo wake haukuachwa kichwani mwa mtu mmoja. Kijana wa Kampala anaweza kupendekeza badiliko kwenye programu iliyoandikwa na mtu wa Indianapolis asiyewahi kukutana naye, na mashine ikaijenga programu nzima na kuendesha majaribio yake kabla ya binadamu kuamua kulipokea. Majaribio hayo ndiyo kumbukumbu ya mradi. Wanaoondoka huacha nyuma yao madai yanayokaguliwa, na wanaofika huyakuta. Daktari wa Rwinkwavu hajui lolote kuhusu mkondo huo, wala hana haja ya kujua. Anachohitaji ni kwamba dozi aliyoiandika jana isomeke leo vilevile, hata kama usiku wa kuamkia leo kuna mtu aliyebadilisha ukurasa wa dozi.

Sasa tutazame upande wa pili, wanaotegemea mkono na kumbukumbu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imeweka msimbo mpya kwenye seva zake nane za kununua na kuuza hisa. Fundi aliuweka kwa mkono. Aliuweka kwenye seva saba. Ya nane akaisahau, na hapakuwa na mtu wa pili wala mashine ya kuhakiki kazi yake. Soko lilipofunguliwa, seva ile ya nane ilifufua msimbo wa zamani uliokuwa umelala humo kwa miaka, ikaanza kununua na kuuza bila breki. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata ilikuwa imeungana na kampuni nyingine, na jina lake halikusimama tena peke yake. Fundi yule hakuwa mjinga. Alipewa kazi ambayo binadamu hushindwa, yaani kurudia kitu kilekile mara nane bila kukosea hata mara moja.

Mfano wa pili uko jirani. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Machi 2013, skrini za matokeo ya awali zilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya laki tatu. Taifa lililokuwa bado linakumbuka machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 lilishika pumzi, na mabishano yakaanza juu ya namna kura hizo zitakavyoathiri asilimia za wagombea. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kwamba programu ilikuwa na kosa: ilizizidisha kura zilizoharibika mara nane. Jaribio la kulinasa kosa hilo lingekuwa la mistari michache tu: ingiza vituo vitatu, kila kimoja na kura mbili zilizoharibika, kisha dai jumla iwe sita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliandika kabla chai haijapoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ungeweza kujengwa kwa damu.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya mabilioni na ya uchaguzi, na sisi ni wanafunzi tu. Mwanafunzi wa leo ndiye mwajiriwa wa mwakani, na nchi hii haijifichi kuhusu kazi inayomsubiri. Tangu 2015 Wanyarwanda wameomba huduma za serikali kupitia jukwaa la Irembo, na mtu wa Nyagatare anayetafuta cheti hana tena sababu ya kupanda basi kuja Kigali. Malipo ya sokoni, ya shule na ya pikipiki yamehamia kwenye simu. Kadiri karatasi inavyoondoka, ndivyo njia ya kurudi nyuma inavyofungwa. Zamani karani akikosea, mwananchi alimwona usoni na kubishana naye. Programu ikikosea saa nane usiku haina uso, na kosa lake linamfikia kila mtu kwa wakati mmoja. Tabia atakayokwenda nayo kazini kijana atakayeitunza programu hiyo ndiyo ileile tunayompa leo kwa maksi zetu.

Angalia nchi hiihii inavyoyatendea magari. Hakuna dereva wa Kigali anayekwenda kwenye kituo cha ukaguzi cha polisi kule Remera na kumwambia mkaguzi, "Afande, jana nilishuka nalo kutoka Nyamirambo hadi Nyabugogo na breki zilishika." Angechekwa. Gari hupandishwa kwenye mashine, breki hupimwa, na namba ndiyo husema. Lakini msomi wa kompyuta anaruhusiwa kusimama mbele ya jopo na kusema maneno yaleyale ya dereva yule: jana usiku ilifanya kazi. Naye hachekwi. Anapewa daraja la kwanza.

Nimesikia hoja nne za kupinga, na zote zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni umaskini: umeme hukatika, bando ni ghali, mikondo ni anasa ya Ulaya. Hoja hii ina huruma lakini imegeuza mambo. Mkondo haukai kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Anachotuma ni mabadiliko ya maandishi, ambayo mara nyingi hayafiki ukubwa wa picha moja ya WhatsApp. Kupakua maktaba nzito na kujenga programu nzima kunafanyika kwenye mashine ya mbali, kwa umeme wake na kwa intaneti yake. GitHub inaiendesha mikondo ya miradi ya wazi bila malipo, na hata mradi uliofichwa wa akaunti ya bure hupewa dakika 2,000 kwa mwezi. Asiyetaka kutegemea kampuni ya nje anaweza kusimika Jenkins, ambayo ni huria, kwenye kompyuta kuukuu ya maabara iliyoachwa kona na kufunikwa kitambaa. Kinachomaliza bando ni mtindo wetu wa sasa: kila mwanachama wa kundi kupakua kila kitu kwake, kisha kutumiana mafolda mazima yaliyobanwa, "mradi_wa_mwisho", "mradi_wa_mwisho_kabisa", "mradi_wa_mwisho_huu_ndio". Maskini ndiye anayeuhitaji mkondo zaidi, maana kompyuta yake ikiibiwa au ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, kazi yake haiungui nayo.

Ya pili hutoka kwa baadhi ya wahadhiri wetu: misingi kwanza. Mwanafunzi hajui kuandika kitanzi kisicho na kosa, nasi tunamletea mikondo? Kwa heshima zote, walimu wangu, jaribio ndilo msingi wenyewe. Kuandika dai kwamba kitanzi kitaishia kumi, na kuona mashine ikikataa kwa sababu kimeishia tisa, ni somo ambalo ubao hauwezi kulitoa saa tano za usiku mhadhiri akiwa amelala. Tena faida ya kwanza ni yenu. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia hapaswi kuchomeka flashi mia, kuambukizwa virusi vitatu, na kukisia ni nani amenakili kazi ya nani. Mkondo unamwonyesha msimbo uliojengwa, majaribio yaliyopita na yaliyoanguka, na historia ya nani aliandika nini na lini. Anabaki na muda wa kufanya kazi ambayo mashine haiwezi, yaani kumuuliza mwanafunzi kwa nini.

Ya tatu ni ya methali: haraka haraka haina baraka. Timu zenye mikondo hupeleka mabadiliko kwa watumiaji mara kadhaa kwa siku. Je, si kukaribisha ajali? Wenye hoja hii wana mfano mzuri mkononi, nami sitauficha. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilisambaza faili moja mbovu, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikazimika duniani. Ndege zilibaki viwanjani na hospitali zikaahirisha matibabu. Usambazaji ulikuwa wa kiotomatiki. Lakini soma maelezo ya kampuni yenyewe: kifaa cha kuhakiki kilikuwa na kosa kikapitisha faili iliyopaswa kukataliwa, na faili ikatumwa kwa wateja wote kwa pamoja badala ya kuanza na wachache. Kwa hiyo kilichowaponza ni ukaguzi usiokagua na hatua iliyorukwa. Dawa yake ni majaribio bora na kusambaza kidogo kidogo, na vyote viwili ni kazi ya mkondo uliopangwa vizuri. Tena hakuna haraka kubwa kuliko ya mtu anayelimbikiza kazi ya miezi mitano na kuiunganisha usiku mmoja kabla ya kuwasilisha. Akina mama wanaofagia barabara za Kigali alfajiri hawasubiri takataka zijae hadi Desemba. Wanafagia kidogo, kila siku, na ndiyo maana jiji linasifiwa. Badiliko dogo likivunja kitu, unajua ni lipi. Mabadiliko mia tatu yakivunja kitu, unatafuta sindano kwenye nyasi huku jopo likikusubiri.

Ya nne ni hofu ya ajira: mashine ikijaribu programu, wanaojaribu kwa mikono watakula nini? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia.

Mashine haijui kitu. Inarudia dai lililoandikwa, mara elfu bila kuchoka, na dai ambalo halikuandikwa haliulizi. Mkondo wenye tiki ya kijani na majaribio matupu ni hatari kuliko kutokuwa na mkondo, kwa sababu unatoa kiburi bila ushahidi. Nami nimeona tiki za kijani za miradi ambayo jaribio lake pekee linadai kwamba moja ni sawa na moja. Kwa hiyo swali kubwa ni nani atakayeandika madai, na kwa ajili ya watu gani. Madai yanayokuja pamoja na mifano ya vitabu vya kigeni ni ya maisha ya kigeni. Ya kwetu hayamo.

Tuanze na saa. Mgonjwa wa shinikizo la damu anaambiwa ameze kidonge saa mbili usiku. Kwa Mswahili ni saa ambayo taarifa ya habari inasomwa, na Kinyarwanda nacho kinahesabu hivyohivyo. Programu ya kumkumbusha, iliyoandikwa na mtu aliyetafsiri neno kwa neno, itasoma mbili kuwa saa 02:00 na kumwamsha saa sita baadaye. Majaribio yote yatakuwa ya kijani, maana hakuna aliyedai kinyume.

Tuje kwenye fedha. Kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina senti, lakini faranga ya Rwanda haina. Mifumo mingi ya malipo hutaka kiasi kitajwe kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu, hivyo shilingi 50 za Kenya huandikwa 5000. Lete mazoea hayo Kigali bila jaribio, na mteja wa soko la Kimironko anayedaiwa faranga 5,000 atakatwa 500,000.

Tuje kwenye majina. Kuna programu zinazoanguka zikikutana na ritifaa ya jina Ng'ang'a, na fomu zinazodhani kwamba ndugu wa tumbo moja lazima wawe na jina la ukoo linalofanana, wakati Wanyarwanda wengi wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani jina hata moja. Kitambulisho cha taifa cha Rwanda kina tarakimu 16. Excel hutunza kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba, na ya kumi na sita huigeuza sifuri. Karani wa shule akiingiza orodha ya wazazi kutoka Excel kama namba za kawaida, wengi watapoteza vitambulisho vyao na hakuna kengele itakayolia.

Nani atayaandika madai haya? Mhandisi peke yake hatayaandika, kwa sababu ameshazoea kufikiri kwa lugha ya vitabu vyake. Yataandikwa na mtu anayejua jinsi watu wanavyotaja saa, wanavyoitana majina, wanavyohesabu fedha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na tangu hapo tumekuwa tukiulizwa kwenye kila kongamano kitatuletea kazi gani. Jibu moja ni hili. Kujaribu kwa mikono, kwa maana ya kubonyeza kilekile kila siku, kutapungua, na tusikililie. Kazi inayobaki ni ya kufikiri: kukaa na mhandisi na kumwambia, kwa sentensi fupi isiyo na utata, nini lazima kiwe kweli. Hiyo ni kazi ya lugha.

Nafikia madai yangu kwa wahadhiri na wakuu wa idara, nami nayataja kwa hesabu ili yasisahaulike.

Moja: mradi usiingie kwenye ratiba ya kuwasilishwa mpaka uwe umejengwa na kujaribiwa kwenye mashine ya idara, kutoka ghalani, bila mwandishi wake kugusa kitu. Kompyuta ya mwanafunzi isionekane chumbani.

Mbili: siku ya jopo, mjumbe alete badiliko lake mwenyewe. Aseme, "Badili ada kutoka 2,000 iwe 2,500," na mwanafunzi alitume mkondoni mbele ya watu wote. Kisha mjumbe aharibu kitu kwa makusudi. Tiki ikibaki ya kijani baada ya uharibifu, maksi zishuke, kwa kuwa majaribio hayo ni pambo.

Tatu: iwe halali, tena heshima, kwa mwanafunzi kuuendeleza mradi wa aliyemtangulia. Kila mwaka tunazika miradi mizuri na kuianzisha upya kwa majina mapya, mfumo wa maktaba wa kumi na tisa, mfumo wa mahudhurio wa ishirini, kwa sababu hakuna anayeweza kuuwasha wa mwaka jana. Mradi wenye mkondo unarithika.

Nne: kila kundi la mradi unaowahudumia watu wa hapa liwe na mwanafunzi mmoja wa lugha, naye apewe maksi kwa madai aliyoyaandika.

Na sisi wanafunzi tusijifiche nyuma ya wahadhiri. Hakuna kanuni ya chuo inayomkataza mtu kuandika jaribio moja leo usiku. Wala tusiufanye mkondo kuwa mlango wa wezi. Mwaka 2020 ilibainika kwamba wadukuzi walikuwa wamejipenyeza kwenye hatua ya ujenzi ya kampuni ya SolarWinds na kupachika msimbo wao ndani ya programu iliyopelekwa kwa maelfu ya wateja. Mwanafunzi anayeandika nenosiri la hifadhidata waziwazi ndani ya msimbo wake na kuuweka hadharani anawaachia watu wa namna hiyo ufunguo juu ya mkeka. Mkondo una mahali pake pa kuficha siri hizo, tupatumie.

Najua kuna watakaosema kwamba nikipewa ninachodai, wengi hawatahitimu kwa wakati. Inawezekana. Mwaka wa kwanza wa kanuni hii utakuwa mchungu, na wazazi watapiga simu. Lakini wanaolipia wepesi wetu wa sasa hawamo kwenye orodha ya wahitimu. Ni mama wa Nyagatare anayesubiri cheti, ni mgonjwa anayeamshwa saa ambayo siyo, ni mfanyabiashara wa Kimironko anayebishana na simu. Hao hawakuwepo siku ya jopo, na hakuna aliyewauliza kama programu inafanya kazi. Mkondo wenye majaribio ya kweli ni namna ya kuwaingiza chumbani kabla maksi hazijatolewa. Msimu wa kuwasilisha unakaribia tena. Idara ianze na mradi mmoja, mwaka huu.